Wakala anataka arbuni kufikia Ijumaa: niende Istanbul nikapunguzwe tumbo?

Shikamoo somo,

Mimi ni mama wa miaka 41, nakaa Kisauni, Mombasa. Nina watoto watatu na mume wangu yuko Saudia kikazi, huja mara moja kwa mwaka. Nafanya biashara ya nguo za kina mama. Mara mbili kwa mwaka nafunga safari hadi Istanbul kuchukua mzigo, na mtaa wa Laleli naujua kama ninavyoijua Marikiti.

Nina kilo 118 na urefu wangu ni mita 1.60. Kila uzazi uliniachia kilo ambazo hazikutoka. Nimefunga Jumatatu na Alhamisi, nimekunywa maji ya ndimu, nimenunua chai za kupunguza mwili, nimelipia mazoezi miezi mitano. Nikishusha kilo nane, zinarudi kumi. Mwaka jana nilipatikana na sukari, na presha ninayo tangu mimba ya mwisho. Natumia vidonge vya vyote viwili, na magoti yakinizidi nameza brufeni. Usiku nalala nimeegemea mito mitatu kwa sababu ya kiungulia, na binti yangu asema nakoroma hadi chumba cha pili wanasikia.

Mwezi uliopita nilikuwa harusini kwa jirani, kiti cha plastiki kikavunjika nimekikalia. Wanawake walinishika mikono wakaniinua, hakuna aliyecheka. Lakini tangu siku hiyo sijakanyaga shughuli ya mtu yeyote.

Sasa kuna wakala nimempata Instagram. Ananipeleka Istanbul kwa dola 3,500: upasuaji wa slivu, siku tatu hospitali, siku mbili hoteli, na gari la kunitoa na kunirudisha uwanja wa ndege. Tiketi ni juu yangu. Nairobi hospitali moja ya kibinafsi iliniambia laki tisa za Kenya, ambayo ni karibu mara mbili. Wakala aliniuliza uzito na urefu, akataka na picha, kesho yake akasema nimekubaliwa. Anataka arbuni ya dola 500 kufikia Ijumaa, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Nilipomwambia naogopa kisu, akasema pia kuna botox ya tumbo, sindano ya kulegeza misuli ya tumbo, kwa dola 700, haina kupasuliwa.

Pesa ninazo: zamu yangu ya chama, na mkopo wa Sacco umeshapita. Nimepanga niende kabla ya Ramadhani, nipasuliwe, nipumzike kidogo, kisha nichukue mzigo wa Idd nirudi nao. Nyumbani nitasema nimekwenda mzigo tu. Mwenzangu mmoja wa dukani niliyemdokezea aliniambia kukata utumbo ni kubadilisha maumbile ya Mungu, nikajuta kumwambia. Wengine wananiambia nijaribu sindano za Ozempic. Harusi ya mdogo wangu ni miezi minne ijayo na nataka niwe nimefika kilo 65.

Somo, niende au nisiende?

Mama Watatu, Kisauni

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale kwenye kile kiti. Pole sana. Nimekuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji miaka 31 hapa hapa mjini petu, na nakwambia kwa moyo mkunjufu: uzito wa namna hiyo si uvivu wala ulafi. Ni maradhi. Ukishusha kilo nane kwa njaa, mwili hudhani umeingia kwenye dhiki, ukazidisha hamu ya kula na kubania kila tonge mpaka kilo zirudi. Hukushindwa kwa kukosa nia.

La haraka kwanza. Usitume arbuni Ijumaa hii. Sisemi hivyo kwa kuwa upasuaji ni mbaya, wala kwa kuwa ni Uturuki. Huyu anayekuuzia amekuuliza uzito, urefu na picha, na lile lililokuwa muhimu kuliko yote hakuliuliza. Umeniandikia mimi bila kuulizwa: mito mitatu.

Ngoja nikueleze. Slivu, neno lenyewe ni mkono wa nguo, ni upasuaji wa kukata kama sehemu nne katika tano za tumbo la chakula na kuzitoa nje kabisa. Linalobaki ni bomba jembamba, umbo la ndizi. Watu wetu husema kukata utumbo, lakini hapo utumbo hauguswi, ni tumbo lenyewe. Kile kipande kinachotolewa ndicho kinachotengeneza sehemu kubwa ya homoni ya njaa, ndiyo maana mtu hushiba kwa vijiko vichache na hamu humpungua. Na kikitoka hakirudi. Sasa, bomba jembamba lina msukumo mkubwa ndani kuliko tumbo pana, kwa hiyo mtu aliyeingia na kiungulia mara nyingi hutoka na kiungulia kikali zaidi. Wapo waliorudi kupasuliwa mara ya pili wageuziwe baipasi kwa ajili ya asidi tu. Baipasi ni upasuaji mwingine: huachwa kifuko kidogo juu ya tumbo, kisha utumbo huunganishwa nacho moja kwa moja, na kwa mwenye kiungulia kikubwa mara nyingi hiyo ndiyo humfaa. Ni upasuaji mgumu zaidi, na bei yake ni nyingine. Kuna uwezekano mkubwa basi kwamba unauziwa nguo isiyokuwa saizi yako, na wewe ni mfanyabiashara wa nguo, waijua hasara yake.

Na huko kukoroma hadi chumba cha pili? Huenda pumzi inakatika usingizini. Mtu wa hivyo akipewa nusukaputi, daktari wa usingizi lazima awe amejua mapema na amejiandaa. Picha haimwambii hilo.

Upasuaji wenyewe unakufaa? Kwa unavyonieleza, naona unastahili kuufikiria, tena bila aibu. Chukua kilo 118 ugawanye kwa 1.60 mara 1.60, unapata 46; ndicho kipimo cha uzito kwa urefu ambacho madaktari hukiita BMI. Mwongozo wa zamani wa madaktari, wa mwaka 1991, ulitaka 40, au 35 ikiwa mtu ana maradhi kama sukari. Ule wa mwaka 2022 umeshuka, unasema 35 yatosha hata bila maradhi mengine. Kwa vyote viwili umo. Na sukari yako ni ya mwaka mmoja tu. Wengi wenye sukari changa hupunguza dawa au huziacha kabisa baada ya upasuaji huu. Kuhusu huyo mwenzako wa dukani, muulize shehe unayemwamini mbele yake kama ni haramu mtu kutibu sukari na presha. Lakini kilo 65 ndani ya miezi minne, hapana. Kwa kawaida mtu hupoteza robo ya uzito wake, pengine hadi thuluthi, katika mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kwako ni kama kilo 30 hadi 39. Harusini utakuwa umepungua na utakuwa umechoka, na huenda nywele zimeanza kukatika, maana mwezi wa tatu na wa nne ndipo hukatika. Hukua tena.

Sasa nikwambie kinachonikosesha usingizi katika mpango wako. Ni siku ya tisa.

Miaka kadhaa nyuma mama mmoja aliletwa wodini kwetu jioni, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Alikuwa amepasuliwa nchi ya mbali siku tisa kabla. Nakumbuka leso yake ilivyokuwa imelowa jasho mgongoni, na alivyokuwa ameshika bega la kushoto akisema ndilo linalomuuma, si tumbo. Mapigo ya moyo yalikuwa 130. Bega la kushoto likiuma baada ya upasuaji kama huo, muuguzi yeyote aliyepata kuona hukimbia kumwita daktari, kwa sababu huenda ule mstari uliobanwa kwa pini unavuja, na kinachovuja kinachoma chini ya kiwambo cha pumzi. Tulimuuliza makaratasi ya hospitali. Alikuwa na picha mbili kwenye simu, kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuisoma. Hatukujua wamekata wapi, wameacha nini, wamempa dawa gani. Wakala wake hakushika simu usiku ule wala kesho yake. Alikaa kwetu wiki saba, tatu kati ya hizo akiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Alipona, alhamdulillahi. Nyumba ya wazee wake iliwekwa rehani.

Kuvuja si jambo la kila mtu. Ni kama mgonjwa mmoja katika mia, pengine wawili, na katika hospitali zenye mkono mzoefu vifo ni kama mmoja katika elfu. Idadi hizo si za kukutisha. Lakini siku ya tano kupita si dalili kwamba uko salama na kuvuja. Hutokea siku ya pili, na hutokea wiki ya pili au ya tatu ukiwa kwako Kisauni. Kuganda kwa damu miguuni ni hivyo hivyo, na mtu aliyetoka kupasuliwa akakaa kwenye kiti cha ndege karibu saa saba hadi Nairobi, kisha akaunganisha hadi Mombasa, anaiongezea hatari. Donge likipanda mapafuni ni dakika. Kwa hiyo siku mbili za hoteli ni chache mno. Mgonjwa wangu ningependa akae karibu na aliyempasua wiki mbili angalau.

Na mzigo wa Idd ndiyo usiseme. Baada ya upasuaji huu hutakiwi kuinua kitu kizito kwa wiki nne hadi sita. Mishono ya nje ni midogo, tundu nne au tano, ndiyo inayowadanganya watu. Ndani ni kidonda kirefu. Wiki mbili za mwanzo ni vya majimaji tu: maji, supu iliyochujwa, maziwa, kidogo kidogo, funda moja baada ya jingine siku nzima. Utapanda ngazi za Laleli na robota la nguo huku unahesabu mafunda ya maji? Kisha Ramadhani ikukute wiki ya nne, wakati huwezi kugugumia maji hata kwa magharibi. Madaktari wengi humwambia aliyepasuliwa asifunge mwaka wa kwanza. Hilo nalo ulijue kabla, ujipange na kuulizia utakavyolipa saumu zako.

Tuje kwenye hesabu. Dola 3,500 ni kama laki nne na nusu, na Nairobi ni laki tisa. Tofauti inaonekana kubwa. Hebu iongeze tiketi yako, na tiketi ya wa kukusindikiza, maana peke yako usiende, na usiku kumi zaidi wa malazi kwa watu wawili. Weka vipimo. Weka vitamini, ambazo si za mwezi mmoja, ni za kila siku maisha yako yote: ya jumla, B12, madini ya chuma, kalsiamu pamoja na vitamini D. Weka vipimo vya damu kila baada ya miezi michache mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Weka duka kufungwa. Bima nyingi za safari hazilipi matatizo ya upasuaji uliokwenda kuufanya kwa hiari. Ukimaliza kuandika, uangalie tena ile tofauti imebaki kiasi gani, halafu ujiulize kama kilichobaki kinatosha kulala hospitali wiki moja jambo likiharibika. Mkopo wa Sacco una wadhamini, mwanangu, na wao pia wana watoto.

Uturuki kuna hospitali nzuri sana na mabingwa wa kweli. Shida iko kwenye hizi safari za haraka zinazouzwa kama tiketi ya basi. Mwaka 2023 BBC iliripoti kuwa Waingereza 7 walikuwa wamefariki tangu 2019 baada ya kwenda huko kupunguzwa uzito. Mwaka huo huo, ile botox ya tumbo unayoambiwa haina kisu ilitia sumu watu zaidi ya 60 waliodungwa Istanbul na Izmir. Dawa ilisambaa mwilini, wakalegea misuli, wengine wakashindwa kupumua wenyewe. Mtu aliyekupa hiyo kama njia ya wenye woga, miaka hii baada ya hayo kutokea, kwangu mimi ameshajitaja ni mtu wa namna gani.

Namjua pia mwalimu mmoja aliyekwenda India na akarudi salama, leo mwaka wa sita. Yeye alianza nyumbani. Alimtafuta daktari wa upasuaji hapa Mombasa kwanza, akamwambia ukweli wote, na daktari akakubali kumpokea akirudi. Vipimo alivifanya huku. Alizungumza na mpasuaji wa kule kwa video, yeye mwenyewe, si wakala, na huyo mpasuaji akamrudisha nyuma miezi miwili kwa sababu sukari ilikuwa juu. Akakaa wiki tatu na dada yake. Alirudi na ripoti ya upasuaji kwa Kiingereza, yenye muhuri na sahihi, akampelekea daktari wake wiki hiyo hiyo. Naye alikwenda nchi ya mbali, kama yule mama wa siku ya tisa.

Fanya hivyo. Kaanze kwa daktari wako wa sukari, umwombe barua ya kukupeleka kwa mpasuaji. Mwambie kuhusu mito mitatu, na umwambie unataka kupitishwa kamera kooni ionekane tumbo likoje na kama una H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, na picha ya nyongo, maana vijiwe huongezeka uzito unaposhuka haraka. Brufeni uanze kuzoea kuikosa. Tumbo lililopasuliwa huweza kutoboka kwa dawa hizo, na baada ya baipasi ndiyo mwiko kabisa. Ulizia bei katika hospitali zaidi ya moja hapa nchini, na kama kuna ya kulipa kwa awamu. Ulizia hata Dar es Salaam, Mloganzila, ambako hospitali ya umma huweka puto la tumbo na hufanya upasuaji. Usafiri wa kwenda na kurudi kwa uchunguzi ni mwepesi kuliko wa Istanbul. Ukiamua Uturuki, hospitali na wakala wote wanatakiwa wawe na kibali cha Wizara ya Afya ya huko cha kuhudumia wagonjwa wa kigeni. Omba nambari ya kibali. Omba jina la mpasuaji na uongee naye uso kwa uso kwenye simu. Asiyekupa hivyo viwili mwache na nafasi yake.

Sindano za kila wiki kama Ozempic na wenzake ni dawa za kweli, na kwa mwenye sukari zina kazi mbili. Hupunguza uzito kwa wengi, lakini ukiacha sehemu kubwa hurudi, na bei ni ya kila mwezi. Zikusaidie hata kushuka kabla ya upasuaji, lakini ziandikwe na daktari na zinunuliwe duka la dawa linalojulikana. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya za bandia, kwa hiyo za kuletewa na mtu kwenye mkoba usiziguse.

Nimebakiza mumeo. Siri ya mzigo haitafaa. Ukizidiwa Istanbul usiku, nani atajulikana ni wako? Angalau mtu mzima mmoja awe na jina la hospitali, jina la mpasuaji na nambari zao. Lakini yeye mwenyewe ana sababu yake ya kujua. Baada ya upasuaji mimba haifai mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kwani mama na mtoto watakosa chakula. Na uzito unaposhuka uzazi huamka, hata kwa mama wa miaka 41 aliyedhani umelala. Vidonge vya kupanga uzazi huenda visifyonzwe vizuri. Akija likizo, mnatakiwa muwe mmeshaamua kijiti au kitanzi. Mpigie siku ya Ijumaa, siku ile ile uliyopewa ya arbuni. Anza na kiti. Mwambie kilivyovunjika na jinsi ulivyorudi nyumbani, kisha ndiyo umwambie ya daktari.

Ukishapitishwa kamera niandikie walichokiona, nami nitakwambia maswali ya kumpelekea mpasuaji.

Somo yako